Sura ya Sita: Tangi Limejaa, Bustani Imekauka

Mpwa wangu alinipigia simu saa tano usiku. Kwa kawaida hunitumia ujumbe tu, kwa hiyo simu ilipoita nilijua kuna jambo. Alinipa shikamoo, akaulizia habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na nilipomwambia aseme alichonipigia akanyamaza kidogo. "Nimekutumia picha, mjomba. Iangalie kwanza."

Ilikuwa karatasi ya maabara. Jina lake, umri miaka 26, na mstari mmoja uliozungushiwa kalamu nyekundu: testosteroni, nanomoli 8.4 kwa lita. Pembeni ya namba waliweka alama ya kuonyesha kwamba kiwango kiko chini. Picha ya pili ilikuwa ya meza ya chumbani kwake: boksi dogo, vichupa vitatu vya kioo vyenye mafuta ya rangi ya dhahabu, na bomba la sindano ambalo bado halijafunguliwa. Amevinunua kwa jamaa anayesimamia mazoezi katika jimu anakokwenda. Jamaa kamwambia aanze Ijumaa.

"Nianze au nisianze?"

Nikamuuliza mambo matatu. Ulipima saa ngapi? Saa kumi jioni, akitokea jimu. Ulikuwa umekula? Chipsi mayai na soda. Ulilala vipi usiku uliotangulia? Hapo akacheka, maana anafanya kazi mapokezi hotelini na wiki ile alikuwa zamu ya usiku. Alijitupa kitandani saa tatu asubuhi, akaamka saa nane mchana.

"Basi hiyo karatasi," nikamwambia, "bado haijakwambia kitu."

Mimi si daktari. Nimeandika habari za afya kwa miaka mingi, nimekaa na madaktari wa homoni na wa uzazi, na nina kosa langu mwenyewe ambalo nitalisimulia humu humu. Usiku ule tulizungumza mpaka salio likaisha, tukaendelea kesho yake. Sura hii imetokana na mazungumzo hayo.

Testosteroni haitulii mwilini. Kwa kijana hupanda usiku akiwa amelala, hufika juu kabisa wakati wa kuamka, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu ukimpima saa mbili asubuhi, ukampima tena saa kumi jioni, kipimo cha jioni kinaweza kuwa chini kwa asilimia 20 hadi 25 na hana ugonjwa wowote. Chakula nacho kina sehemu yake: wanaume waliopewa kunywa gramu 75 za glukosi, kile kinywaji kitamu cha kupimia kisukari, kiwango chao kilishuka kwa wastani wa robo nzima. Malaria au homa yoyote kali hukishusha pia. Na usingizi ndio mkubwa wa yote. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha habari za vijana 10 wenye afya njema waliopunguziwa usingizi hadi saa tano tu kila usiku, usiku nane mfululizo. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Vijana hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamekosa usingizi kama mpwa wangu anavyoukosa kila akiingia zamu.

Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Marekani wa mwaka 2018 unataka damu itolewe asubuhi, mtu akiwa hajala, na irudiwe siku nyingine kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba huyu ana upungufu. Mfanyakazi wa usiku hupimwa muda mfupi baada ya kuamka usingizi wake mkuu, saa yoyote iwayo. Kuhusu mpaka wenyewe, wataalamu hawajakubaliana kikamilifu. Hao wa homoni wanataja nanomoli 9.2 kwa lita, madaktari wa njia ya mkojo wa nchi hiyo hiyo wanataja kama 10.4, na Uingereza wamezoea kusema chini ya 8 matibabu huwa na faida, juu ya 12 hayana, na katikati mtu apimwe zaidi na asikilizwe. Ile 8.4 ya mpwa wangu iliangukia hapo katikati, tena ikiwa imepimwa kwa namna ya kuishusha.

Kuna mtego mwingine, wa vizio. Maabara moja huandika nanomoli kwa lita, nyingine nanogramu kwa desilita, nyingine nanogramu kwa mililita. 10.4 na 300 na 3 ni kiwango kimoja kilichoandikwa kwa njia tatu. Nimewahi kukutana na kijana aliyesoma 5 kwenye karatasi yake, akakuta kwenye simu kwamba mwanamume anatakiwa kuzidi 300, akakaa mwezi mzima akijiona si mtu. Alikuwa mzima kabisa.

Hata namba iliyopimwa sawasawa haitoshi peke yake. Mambo haya kwetu mtu huulizwa na babu yake au mtani wake, baba mzazi hawezi, lakini mjomba anayo ruhusa, kwa hiyo nilimuuliza bila kuzunguka. Hamu ya tendo la ndoa imekwisha? Haijaisha. Asubuhi unaamka umesimama? Naamka. Ndevu na nywele za mwili zimepungua? Hapana. Matiti yamejaa au yanauma? Hapana. Korodani zimekuwa ndogo kuliko zamani? Akasita, akasema hajawahi kuziangalia kwa jicho hilo, nikamwambia aziangalie. Hizo ndizo dalili zinazompeleka daktari kwenye testosteroni. Uchovu, huzuni na kukosa makini, mambo ambayo mpwa wangu alikuwa nayo tele, yana baba zaidi ya mmoja: usingizi, upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona, pombe, madeni.

Naomba hapa nitenganishe mambo mawili ambayo mabango ya barabarani yameyafunga pamoja. Kusimama ni kazi ya mishipa ya damu, neva na moyo uliotulia. Kijana anayeshindwa mbele ya mpenzi wake lakini anaamka vizuri kila asubuhi, mara nyingi ana hofu. Mwenye miaka 38 anayeshindwa kila wakati akapimwe kisukari na presha. Testosteroni inaweza kuhusika, lakini kwa wengi haihusiki, na kudunga homoni kwa sababu ya hofu ni sawa na kubadilisha betri ya gari ambalo halina mafuta.

Mwili unaojisikia vizuri baada ya dawa nao si shahidi wa kutegemea, na jambo hili lilionekana mapema sana. Mwaka 1817, huko Mauritius katika Bahari yetu hii ya Hindi, alizaliwa Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyekuja kuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa uti wa mgongo. Tarehe 1 Juni 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wenzake mjini Paris akawaeleza kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na simbilisi. Nguvu zimerudi, alisema, anafanya kazi maabara saa nyingi, anapanda ngazi kama kijana, na hata mkojo wake unaruka mbali zaidi, maana aliupima. Habari zikaenea Ulaya na Marekani, na watu wakaanza kuuziwa maji ya namna hiyo. Lakini testosteroni huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji huyeyuka kidogo mno. Alichojidunga mzee yule hakikuwa na homoni ya kutosha kumbadilisha hata kuku. Hakudanganya, nina hakika. Alitamani sana kupona, na mwili ukamwitikia. Testosteroni halisi ilitolewa kwenye korodani za mafahali mjini Amsterdam mwaka 1935, kwenye maabara ya Ernst Laqueur, na mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwake, wakaweza kuitengeneza kutokana na kolesteroli. Nobeli ya kemia ya 1939 ikawa yao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo jamaa wa jimu hakumwambia mpwa wangu, na mimi sikuambiwa na mtu.

Aliyekaa kwenye nyumba yenye simtanki analijua boya. Maji ya bomba huingia tangini, boya huelea, na tangi likijaa boya hufunga koki. Ukitumia maji, boya hushuka, koki hufunguka, bomba hutiririka tena. Hakuna anayesimama kulilinda. Mwili wa mwanamume umepangwa hivyohivyo. Sehemu ndogo chini ya ubongo, haipothalamasi, hupima testosteroni iliyomo kwenye damu. Ikipungua, huipigia hodi tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, nayo hutuma wajumbe wawili kwenye damu mpaka kwenye korodani. Madaktari huwaita LH na FSH. Wa kwanza huamuru seli fulani zitengeneze testosteroni, wa pili huchochea utengenezaji wa mbegu. Testosteroni ikitosha, ubongo hunyamaza.

Ita boza lije limimine maji tangini. Boya litapanda na koki itafunga, kwa sababu boya halijui maji yametoka wapi. Sindano ya testosteroni ndiyo hilo boza. Ndani ya wiki chache wajumbe wale wawili huwa hawatumwi tena. Ukimpima damu kijana anayejidunga, namba ni nzuri, pengine nzuri kuliko alivyowahi kuwa nayo. Lakini nyumba hii ilikuwa na bustani, na bustani haikuwa ikinyweshwa kutoka tangini. Ilinyweshwa na bomba lenyewe, kabla maji hayajafika juu. Mbegu za kiume hukomaa ndani ya korodani, mahali ambapo testosteroni huwa nyingi mara makumi kuliko ile ya kwenye damu, na sindano ya bega au tako haiwezi kuifikisha pale kwa wingi huo. Bomba likifungwa, bustani inakauka huku tangi limejaa. Korodani zenyewe husinyaa kwa kukosa kazi.

Jambo hili ni la uhakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango ya wanaume. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wanaume 271 wenye afya, katika nchi saba, walidungwa miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao hawakuwa na mbegu hata moja. Kipimo hicho ni kikubwa kuliko cha matibabu, lakini wanaojidunga kwa ajili ya misuli huzidisha hata hapo.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 31. Nilikuwa zamu ya usiku kwenye chumba cha habari jijini Dar es Salaam, nimenenepa, nalala kwa vipande vipande. Kwenye duka moja la dawa walinipima mara moja, mchana, wakanionyesha namba, wakanichoma siku ileile. Kila baada ya wiki mbili nilirudi. Sitaki kusema uongo kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia mpya. Mabega yalijaa, hamu ilipanda, nikawa naamka kabla ya saa kulia. Mke wangu aliambiwa ni vitamini, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia.

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa ndoa na hatukuwa tumezuia. Mama yangu alianza kuuliza kwa upole, kisha shangazi akauliza bila upole, na maswali yote yalielekezwa kwa mke wangu. Akapimwa homoni. Akapimwa kwa altrasaundi. Akaletewa mizizi kutoka kijijini, akainywa, akatapika, akainywa tena. Akafanyiwa ile picha ya mirija, ambapo dawa hupitishwa kwenye mji wa mimba huku unapigwa eksirei, akatoka mlangoni ameshika ukuta. Mirija yake ilikuwa wazi yote miwili. Mimi nilimsubiri nje nikiwa na miezi saba ya sindano mwilini, na sikuunganisha mambo hayo mawili. Nikahisi hata hasira ikinivimba moyoni, kana kwamba nacheleweshwa.

Kisha daktari mmoja mama mtu mzima aliifungua bahasha yetu, akazisoma karatasi moja moja, akavua miwani. "Hizi zote ni za mama. Za baba ziko wapi?" Nikamjibu kwamba mimi sina tatizo, nguvu zangu ni kamili. Akasema, "Sijakuuliza nguvu, mwanangu. Nimekuuliza mbegu." Wiki iliyofuata nikapewa karatasi yenye sentensi fupi: hakuna mbegu zilizoonekana. Akaniuliza dawa ninazotumia, nikamtajia, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikia jina analolijua vizuri.

Ndani ya daladala mke wangu aliisoma karatasi ile mara mbili. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye bahasha ileile yenye picha ya mirija yake. Hakusema neno mpaka tuliposhuka Mwenge. Hapo akaniuliza, "Zile vitamini?"

Wanawake wa kwetu wameachwa kwa ajili ya jambo hili. Wameletewa wake wenza, wameitwa majina. Na bado, kwa wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume unahusika katika karibu nusu ya visa, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kupima manii ni rahisi, hakuumi, na gharama yake ni ndogo kuliko vyote alivyopitia mke wangu. Kwa nini kije mwisho? Nimelijibu swali hilo moyoni mwangu kwa miaka mingi, na jibu halinipendezi.

Niliacha sindano. Kuacha nako kuna malipo yake, na kijana anayefikiria "nitajaribu tu miezi michache" ayajue. Boya huchukua muda kushuka. Kwa miezi kadhaa sikuwa na maji ya boza wala ya bomba: hamu imekwisha, mwili mzito, machozi karibu. Wengi hurudi kwenye sindano hapohapo, wakiamini wamethibitisha kwamba walikuwa na upungufu, kumbe wanaonja upungufu walioutengeneza wenyewe. Wanasayansi waliokusanya tafiti 30 za njia ile ya uzazi wa mpango wa wanaume kwa homoni, mwaka 2006, waliona kwamba mbegu zilirudi kwenye kiwango cha kutosha ndani ya miezi 6 kwa asilimia 67 ya wanaume, ndani ya mwaka kwa asilimia 90, na waliobaki wengi ndani ya miaka miwili. Ni habari njema, lakini wale walikuwa watu wenye mbegu za kutosha tangu mwanzo, waliotumia kwa muda maalumu. Aliyetumia miaka mingi, au vipimo vya jimu, au ambaye bustani yake ilikuwa dhaifu tangu awali, hana ahadi hiyo. Mimi mbegu za kwanza zilionekana mwezi wa tano. Binti yetu alizaliwa miaka miwili baada ya siku ile ya daladala.

Baada ya hayo yote mtu angedhani namkataza kila kijana. Simkatazi. Nina rafiki, tumekua pamoja, ambaye testosteroni ilimtoa kwenye giza. Alikuwa mrefu kuliko sote darasani, miguu mirefu, kidevu laini, na kifua kilichomfanya asivue shati tulipokwenda kuogelea. Tulimtania, na leo naona haya. Alipofika miaka 29 alianguka kwenye ngazi ya kawaida akavunjika nyonga, na daktari akashangaa mifupa ya kijana kuwa kama ya bibi. Huyo ndiye aliyempima kila kitu. Testosteroni ilikuwa chini sana asubuhi mbili tofauti, na wale wajumbe wa pituitari walikuwa juu mno, kama watu wanaogonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Kipimo cha kromosomu kikaonyesha ana X moja ya ziada. Harry Klinefelter aliielezea hali hii mwaka 1942 huko Boston, na mwaka 1959 Edinburgh wakaigundua hiyo kromosomu. Humpata mtoto wa kiume mmoja katika kila 600 hivi, na wengi wao huishi na kufa bila kuambiwa. Piga hesabu ya wavulana wa shule moja kubwa ya sekondari.

Kwake yeye hakukuwa na bomba la kufunga. Kabla ya sindano ya kwanza daktari alimwambia wazi kuhusu watoto, kwamba wapo wataalamu wanaoweza kutafuta mbegu chache ndani ya korodani kwa upasuaji mdogo, na kwamba ni vizuri alifikirie hilo kabla ya kuanza homoni. Leo anadungwa ile ya muda mrefu, miligramu 1,000 kila baada ya wiki 10 hadi 14. Mifupa imeimarika. Ameota ndevu ambazo anazichana kwa kitana kidogo anachotembea nacho mfukoni.

Swali kubwa kwa kijana, basi, ni kwa nini testosteroni iko chini. Wajumbe wakiwa juu, kasoro iko kwenye korodani: kromosomu, matumbwitumbwi yaliyoshuka baada ya kubalehe, ajali, au korodani iliyojisokota na kucheleweshwa. (Korodani ikianza kuuma ghafla na vikali, kimbilia hospitali saa ileile, ni suala la saa chache.) Wajumbe wakiwa chini, tatizo liko juu, na hapo ndipo sindano ya haraka inapoweza kuficha jambo la hatari. Uvimbe wa pituitari unaomwaga homoni ya prolaktini huanza hivi, na mara nyingine huja na maumivu ya kichwa na kuona vibaya pembeni. Kuna wanaozaliwa bila wajumbe hao, na baadhi yao hawasikii harufu tangu utotoni. Kuna dawa za kundi la heroini, tramadol ikiwemo. Kuna unene, ambao ukipungua testosteroni hupanda yenyewe. Na kuna wale waliojidunga zamani bila kumwambia mtu. Wengi wa hawa wenye tatizo la juu wanaweza kusaidiwa kwa njia inayolinda bustani: kuondoa chanzo, au kupewa homoni inayoiga mjumbe wa kwanza, ile ile inayopatikana kwa wajawazito, ili korodani zifanye kazi yake zenyewe. Wapo madaktari wanaotumia dawa iitwayo klomifeni kwa kusudi hilohilo.

Kijana atakayeanza akubali pia kufuatiliwa. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na damu ikizidi uzito, hematokriti, kipimo cha wingi wa chembe hizo, ikivuka asilimia 54, dawa husimamishwa. Aliye na mzio wa karanga asome boksi kwanza, kwa maana baadhi ya sindano hizi huchanganywa na mafuta ya karanga. Anayetumia homoni hii kwa kupaka jeli afunike ngozi na anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto. Utafiti mkubwa uliotolewa 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye moyo ulio hatarini, haukuona mshtuko wa moyo na kiharusi vikiongezeka kwa waliopakwa jeli ya homoni, ingawa mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi. Lakini wale walikuwa na miaka 45 hadi 80. Kijana wa miaka 26 ana miaka hamsini ya kutumia dawa hiyo mbele yake, na hakuna aliyewahi kuwafuatilia watu kwa muda huo.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu. Hakunijibu kwa siku tisa, na Ijumaa ya jamaa wa jimu ikapita katikati. Nilijizuia kumpigia. Siku ya kumi, saa moja na nusu asubuhi, picha ikaingia: benchi la mbao kwenye korido, watu wamepanga foleni, na mkono wake umeshika kadi ya hospitali. Alikuwa amemaliza wiki ya likizo, amelala usiku saba mfululizo nyumbani kwa mama yake. Chini ya picha aliandika majina ya vipimo alivyoandikiwa na daktari: testosteroni, LH, FSH, prolaktini, wingi wa damu. Na kimoja alichokiomba mwenyewe, cha manii.

Jioni akapiga. Majibu bado. Vile vichupa, akasema, viko palepale mezani, hajavitupa na hajavifungua, anasubiri karatasi. Nikamwambia ni sawa. Halafu akasita kama usiku ule wa kwanza.

"Mjomba, hii habari ya daladala... Anti anajua kwamba umenihadithia?"

Mke wangu alikuwa pembeni, anamenya viazi. Nikampa simu.